Kupima Sabuni ya Mwenzangu

Kwetu Likasi, ile myaka kampuni ilianza kulipa bantu na ahadi, sabuni njo ilikuwa ya kwanza kupotea mu nyumba. Mbele ya pale, ku mwisho wa mwezi, baba alikuwaka anarudia na unga, na mafuta, na samaki ya kukauka, na sabuni ya murefu ile mama alikuwaka anakata na kamba. Kisha unga ikapunguka, samaki ikasahau njia ya kwetu, na sabuni ikaenda bila kuaga. Bamama bakaanza kufulia majani ya mupapai. Mu misa, pale bantu banapeana mukono ya amani, ulikuwa unajua palepale nani iko na ndugu ule anamutumiaka bintu toka Lubumbashi. Siye bengine tulikuwa tunasalimiana na harufu.

Njo pale minye nikaingia mu kazi ya kupika sabuni. Na mwenzangu naye akaingia. Sitaandika jina yake, juu iko muzima na iko anasoma, na tena juu bantu balisha kuiita ya kutosha.

Uyu mwenzangu tulikaa naye benchi moja mu primere. Mwalimu alikuwaka anamupiga juu alikuwa anaandika na mukono ya kushoto. Akahamia ku mukono ya kuume, na kisha muda kidogo tu ile mukono ya kuazima ikaandika muzuri kuliko yangu ya kuzaliwa nayo. Toka ile siku nilijua Mungu iko na bantu yake. Siye wawili tuliishia ku primere tu, juu feza ya masomo ilikosa. Lakini hata kukosa masomo, yeye alikosa muzuri: kartie yote, kila jirani, ilimusikitikia. Juu yangu minye balisema: ah, ule, hata angesoma, ni bule tu.

Akipanda muhogo, inakomaa. Akiazima baskeli ya muntu, cheni haitoke. Imbwa ya jirani, ile ilisha kunipasulia suruali, ikimuona yeye inalala chini na kumuonyesha tumbo.

Na sabuni yake ilikuwa nyeupe. Hii neno unaweza kuipita haraka, basi rudia uisome: nyeupe. Mafuta ya ngazi, njo mawese, iko nyekundu sawa matope ya njia ya Kakanda, na kila muntu ule alijaribu kupika sabuni mu Likasi alitosha kintu ya rangi ya kutu. Yangu ilikuwa ya kahawia, na mistari ndani sawa nyama, na harufu ya mbuzi ule amerudi toka safari. Ilikuwa inafua, sisemi hapana. Lakini shati nyeupe, ukiipa sabuni yangu, ilikuwa inarudia na mawazo.

Bantu ya Kakanda, bale banachimbaka mabuwe ya shaba, bakishuka ku soko na taksibisi, balikuwa banapita mbele ya meza yangu, bananisalimia na heshima, kisha banaenda kununua kwake. Ile heshima njo ilikuwa inaniumiza. Siku moja muchimbaji moja akashika sabuni yangu, akainusa, akaniuliza polepole kama ni ya kula. Wenzake bakacheka mpaka bakashikana mabega. Minye nami nikacheka, tena kwa nguvu kuliko bote, juu nilikuwa na jina ya kuchekesha bantu, na muntu ya kuchekesha hawezi kuonyesha pale inamuuma.

Ya mubaya zaidi ilikuwa kwetu nyumbani. Nilikuwa natafuta chumvi, nikatia mukono mu chungu ya unga, nikakuta kintu ya kufungwa na kitambaa. Kufungua: nyeupe. Mama akaingia. Akaona ile iko mu mukono yangu, hakuhangaika hata kidogo.

"Mama, hii nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya sabuni yako," akasema. "Nikisha kufua kitenge na ile yako, narudilia na hii. Usinikasirikie, baba. Uko mutoto ya kazi. Ila sabuni yako iko sawa weye mwenyewe, inaongea mingi."

Sasa, parwasi yetu, njo parokia, ilikuwa na kabuletini, karatasi kidogo za kukunja, za kupigwa na mashine ya kuzungusha na mukono. Wino yake ilikuwa inabaki ku bidole mpaka katikati ya juma. Mupe, njo padri ya parwasi, alisema kampuni imelala lakini bintu ile bantu banajua haikulala nayo, basi kila muntu aandike ile anajua. Bantu bakaandika: namna ya kuchunga makala ya moto isiishe haraka, namna ya kushona kiatu na mupira ya gari, namna ya kulima mahindi pembeni ya reli. Ku ukurasa ya nyuma kulikuwa vichekesho yangu. Bantu balikuwa banaanzia kusoma ku mwisho, minye mwenyewe niliona na macho. Ile ukurasa ya nyuma njo ilikuwa kintu moja mu Likasi ile mwenzangu hakukuwa nayo.

Lakini mara moja kuliandikwa mu buletini dawa ya kunguni. Bantu bakaifuata vile iliandikwa. Kunguni ikabaki mu kitanda, mwenye kitanda njo alihama. Toka pale mupe akaweka sheria: kintu yote ya kufanya na mikono, mbele ya kuipiga ku mashine, inapita kwanza kwa muntu ule anafanya kazi ya namna ileile. Anaisoma, anaijaribu, anaandika kama iko ya kweli ao hapana. Jina ya mwenye kuandika, mupe anaikata na makasi, juu musomaji apime kazi, asipime muntu. Na mwenye kuandika naye hatamujua musomaji.

Siku moja kisha misa mupe akaniita mu biro yake. Akanipa karatasi, juu yake imekatwa. Nilisoma mistari mbili tu. Ilikuwa juu ya sabuni, na ilikuwa ile mukono ya kuume ya kuazima.

"Mupe," nikasema, "hii karatasi haina jina, lakini naijua sawa mulango ya kwetu. Uyu muntu tunauzisha sabuni ku soko moja. Tena niko na wivu naye toka primere. Peana kwa mwingine."

"Mwingine nani? Mu parwasi hii wapishi ya sabuni muko wawili."

"Basi peana kwa muntu ule anamupenda."

"Ule anamupenda atasoma na kusinzia," mupe akasema. "Weye utasoma mpaka nafasi kati ya maneno. Umeniambia uko na wivu, na minye nimesikia, nitasoma jibu yako nikijua vile. Ile wivu iache isome nawe. Pale ya kuandika, iache inje."

Kisha akanipa masharti. Nisionyeshe karatasi kwa muntu, hata mama. Nisitumie ile nitajifunza ndani mbele buletini itoke. Nisiilalie karatasi, siku ya Mungu ile inakuya iwe imerudia ku meza yake. Na nisimuambie mwenye kuandika, leo wala kesho, kama njo minye nilisoma. Nikaona hii kazi iko na makatazo mingi kuliko ndoa.

Akanipa na bintu ya kujaribia, ya kutosha mara mbili, juu alisema mara moja inaweza kudanganya: mafuta ya ngazi mu bidoni, na sude. Sude njo ile dawa nyeupe sawa chumvi, ile inaungana na mafuta inakuwa sabuni, na ikikugusa peke yake inaondoka na ngozi yako. Akaniazima tena kameka ya parwasi. Kameka ni kale kakopo ka chuma bamama banapimiaka unga ku soko, na parwasi ilikuwa na yake ya kugawia bajane unga.

Nilisoma ile karatasi nyuma ya nyumba, mugongo ku ukuta. Nilikuwa natafuta makosa. Nilitafuta sawa mama anatafuta mawe mu maharagi. Hapana. Aliandika sawa muntu ule anakushika mukono na kukupitisha mu giza. Anasema: kwanza uchome rangi. Utie mafuta mu sufuria, uifunike, uiache ku moto mpaka nyekundu inakufwa. Utone tone moja ku sani nyeupe. Kama tone inaonekana, bado. Kama haionekane, tosha ku moto, uiache ipoe mpaka kidole inavumilia. Kisha njo sude.

Ile tu. Kuchoma rangi. Myaka yote minye nilikuwa natia chumvi, natia buluu ya kufulia, siku moja nilitia maji ya baraka, na yeye alikuwa anaacha tu mafuta ku moto mpaka rangi inachoka.

Na pale mu katikati aliandika: "Usiharakishe mafuta, nayo iko na kichwa yake." Hii njo iliniua. Ile neno ilikuwa ya ukurasa ya nyuma. Nani alimupa ruhusa ya kuchekesha? Alisha kuwa na weupe, na imbwa ya jirani, na bantu ya Kakanda. Kicheko nayo anaitaka?

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya kupika sabuni ya kuuzisha. Nilisimama mbele ya sufuria, mafuta iko nyekundu ndani, na nilikuwa najua. Makala ilikuwa ya kutosha. Kifuniko ilikuwa palepale. Ningesema nimeota, ao nimekosea nikasahau sufuria ku moto, nani angebisha? Bibi yangu alikuwaka anasema mikono haina kinywa, lakini yangu ile siku ilikuwa inaniambia: fanya, fanya. Nikatia sude mu mafuta nyekundu sawa kila siku. Ikatoka mbuzi, ule ule.

Ku soko, mwenzangu alikuwa ku meza yake na foleni mbele. Akanipungia mukono, na minye nikamupungia. Karatasi yake ilikuwa kwetu, chini ya godoro yangu. Nilikuwa namuangaria sawa muntu ule amesoma barua ya mwingine kwa kujificha, na bado anapaswa kumusalimia.

Kisha nikajaribu. Sijapata kumutii muntu vile nilitii ile karatasi, hata baba sikumutii vile. Alisema funika, nikafunika. Alisema ngoja, nikangoja. Tone ikaanguka ku sani na ikapotea, na minye nikasikia kintu inanivunjika ndani, juu ilikuwa ya kweli. Tukafika ku sude. Karatasi inasema: kameka moja ya kujaa, upanguse juu na kijiti. Nikajaza kameka ya parwasi, nikapangusa. Nikaona sawa ni mingi kidogo. Minye napimaka sude na macho, na ile macho ilisema: eh. Lakini kazi yangu ilikuwa kupima karatasi, haikuwa kupima macho yangu. Nikatia yote.

Pale ilisha kukauka nikaikata. Nyeupe sawa meno ya mutoto. Nilikaa mbele yake muda murefu na sura mubaya. Kisha nikaenda kunawa nayo.

Kwanza iliniwasha. Kisha ikauma. Kisha ngozi kati ya bidole ikaanza kutoka sawa ngozi ya kitunguu, na juu ya kipande nikaona kaunga keupe kanatokea, njo alama ya sude ile imebaki bila mafuta ya kuungana nayo. Nikakimbia ku maji, na pale ku maji, mikono inawaka, nikaimba. Sijapata kuumia na furaha vile.

Niliandika jibu siku ileile, kalamu nimeishika na kitambaa. Nikasema: nimejaribu, nimefuata neno kwa neno, inaunguza, mukiipiga ku mashine, parwasi yote itakuya ku komunyo na bidole bila ngozi, mukatae. Hamukukuwa uongo ndani. Niliisoma tena na tena juu ilikuwa muzuri, pengine kintu muzuri kuliko yote niliandika. Wivu ilikuwa inje, vile mupe alisema. Lakini ilikuwa inachungulia ku dirisha.

Kulikuwa neno moja tu ilikuwa inanisumbua, ndogo sawa muchanga mu bukari, njo ugali yetu: mama alikuwa anafulia sabuni ya mwenzangu kila siku, na mikono yake ilikuwa mizima. Nikaiambia ile neno ikae kimya.

Mama akarudia toka soko amekasirika. Alikuwa amenunua unga kwa mama ya mwenzangu, ule anauzishaka pembeni ya meza ya mutoto yake. Akamwanga unga mu sani, akaniita nione.

"Kameka moja, angaria," akasema. "Hii haifike bukari ya siye watatu. Ule mama amepiga chini ya kameka na nyundo mpaka imeingia ndani sawa kitofu ya mutoto."

Haikukuwa yeye peke. Ile myaka, ukipandisha bei ya unga, banunuzi banahama. Basi bei ilibaki pale, chini ya kameka njo ilipanda. Kila mama ku soko alikuwa na chini yake, na bote balijua, na kila moja alilalamikia ya mwenzake.

Nilikuwa nimetia mikono mu mafuta ya ngazi ya kuipoza. Nikaitosha polepole. Mu nyumba ya mwenzangu kulikuwa kameka moja tu, ile ya mama yake. Njo nayo alikuwa anapima sude toka siku ya kwanza. Na kameka ya parwasi, ile ya bajane, chini yake ilikuwa bapa sawa meza, juu kanisa haiwezi kuibia mujane unga. Mwenzangu hakukudanganya. Kanisa nayo haikudanganya. Kati yabo wawili njo ngozi yangu ilitoka.

Jibu yangu ilikuwa ile pale, imesha kukunjwa. Na bado ilikuwa ya kweli, hii njo utamu yake. Sabuni iliunguza, minye niko na ushahidi ku bidole. Mupe angeikubali. Karatasi ingerudia kwa mwenyewe na neno moja, inaunguza, na yeye angeangaria sabuni yake nyeupe na mikono yake mizima, na hangejua kosa iko wapi hata akatafuta mpaka uzee. Kakanda bangesikia. Meza yake ku soko ingebaki peke yake. Niliiona ile meza bila muntu. Nilikaa nayo mu kichwa, nikaipangusa vumbi, nikaizunguka pande zote. Ilikuwa meza muzuri sana.

Mama akauliza juu ya nini sikule. Nikamuambia anikopeshe ile unga kidogo. Akaona naleta kameka ya parwasi.

"Unga yenyewe haitoshe," akasema, "na weye unataka kuihubiria?"

Nikaimwanga ndani. Haikujaa. Pale ilifika nikachora kamustari na makala. Nikarudisha unga yote kwa mama, alikuwa anaangaria sana. Kisha nikapika mara ya pili, ku mafuta ile ilibakia, kila kintu sawa karatasi inasema, ila sude nikapimia mpaka ku kamustari.

Ilikuwa sabuni. Sitaki kuisema zaidi. Nilinawa nayo mikono yangu ya vidonda, na hata vidonda ilinyamaza.

Ile maandishi yangu muzuri nikawashia mbabula, jiko yetu ya makala. Kisha nikakaa kutafuta kipimo. Kusema "kameka ya chini bapa" haisaidie, juu hakuna mama ule atakubali kama yake haiko bapa. Chupa inavunjika. Kijiko kila nyumba iko na yake. Nikamuona mutoto ya jirani anavuta kagari yake ka makopo ya tomate, ile ya kidogo, ile inatoka mu fabriki sawasawa na ikisha kuliwa inatupwa. Nani atapiga nyundo ku chini ya kintu ya kutupa? Nikaokota moja, nikapima nayo sude ya ku kamustari, nikaandika ngapi.

Jibu ya pili haikukuwa na kicheko. Niliandika: sabuni iko muzuri, na kuchoma rangi iko ya kweli. Kosa iko mu kipimo, haiko mu mupishi, juu kameka ya soko haifanane. Mwenye kuandika apimie kopo ya kidogo ya tomate, na aambie bantu bafunge mikono na plastike. Halafu neno ya mwisho, ile niliandika na meno: hii iko ya kupiga ku mashine.

Mupe aliisoma amesimama. Akaangaria bidole yangu, akaangaria tena karatasi. Kisha akachukua makasi na akakata jina yangu pale chini.

"Nawe unakatwa," akasema.

Buletini ikatoka mbele ya mvua kuisha, jina ya mwenzangu juu ya ukurasa. Ile mara hakuna muntu ule alianzia ku ukurasa ya nyuma. Mu kila rupango, njo kiwanja ya nyumba, kulikuwa sufuria na sani nyeupe, na bamama banatonesha mafuta na kupiga macho karibu sawa banasoma bahati. Batoto bakakosa magari, juu makopo yote ya tomate yalipanda cheo. Na unajua nini bantu balisifu? Rangi, ndiyo. Lakini kuliko rangi, kopo. Nilisikia ku pompe ya maji, nilisikia inje ya kanisa, nilisikia mpaka mu taksibisi: ule kijana iko na kichwa, angaria vile aliwaza kopo ya tomate. Mama mwenyewe, tuko tunakula, akasema nani mwingine mu Likasi angeweza kuwaza kintu vile. Nilikuwa na bukari mu kinywa. Niliimeza bila kutafuna.

Sasa sabuni yangu nayo ikakuwa nyeupe, kwa ruhusa. Lakini ya kila muntu ilikuwa nyeupe. Kakanda nao balikuwa na buletini, bakaanza kupika yabo. Meza yangu ikakauka, na yake vilevile. Na yeye alijua. Mbele ya kuandika alijua vile akitoa ile neno, soko yake itakufwa, na akaitoa. Nikaona hata pale ya kuwa muntu muzuri amenipita, na hakuonekane kama alikimbia.

Akakuya kwetu siku moja na kipande ya sabuni ya kufungwa mu karatasi. Nikaitambua karatasi mbele ya kutambua sabuni. Ilikuwa ukurasa ya nyuma. Vichekesho yangu alifungia sabuni.

"Vieux, mzee yangu, nimekuletea," akasema. "Siku hizi hakuna mwenye kununua, bote banapika."

Akakaa. Akaniambia kama karatasi yake muntu aliisoma kwanza kwa mupe, na njo ule muntu alileta neno ya kopo. Alimuuliza mupe ni nani; mupe hakukubali kusema hata kama ni mwanaume ao mwanamuke. Alirudia kwabo akapindua kameka ya mama yake, akaona chini, akacheka, kisha hakucheka tena, juu aliwaza bantu bale angeunguza. Minye nilikuwa namusikiliza, mikono nimeikalia. Ngozi mupya kati ya bidole ilikuwa bado ya pinki.

"Nilifikiri ni weye," akasema.

"Minye?"

"Juu uko mupishi. Kisha nikawaza tena. Ule, na wivu yake? Angenikatalia palepale."

Mu nyumba, mama alikuwa anasonga bukari. Nikasikia mwiko inasimama.

"Njo vile," nikasema. "Minye ningekukatalia palepale."

Akacheka sana, akanipiga ku bega, akaenda. Imbwa ya jirani ikamusindikiza mpaka ku barabara.

Mama akatoka. Akaangaria ngozi mupya ya bidole yangu. Alichukua ile kipande, akafungua karatasi, akaikunja muzuri akaitia mu kifua ya kitenge yake. Sabuni akaikata katikati na kamba, akaangaria nusu zote mbili, akanipa ile ya mukubwa.

"Enda unawe, baba," akasema. "Bado uko unanuka mbuzi."